Almasi Isiyojazwa

Mtafiti alikuja ofisini na begi la mgongoni, kinasa sauti kidogo, na tabasamu la mtu anayejua kwamba anawapotezea wenzake muda. Chuo chake kilikuwa kimemtuma aulize swali moja tu, ingawa alikuwa amelikatakata hata likajaa kurasa: nyinyi mnaofanya kazi hii kila siku, lugha ya michoro mnaionaje? Ni rahisi? Inawasaidia? Kama hakuna anayewalazimisha, mngeichagua tena?

Kwa asiyeijua kazi hiyo, habari yenyewe si ngumu. Kabla waandishi wa programu hawajagusa kibodi, lazima mtu akae chini auchore mfumo unaotakiwa. Kila kitu cha kuwekwa ndani ya mfumo, kiwe mteja, mzigo au ghala, kinachorewa kisanduku. Vitu viwili vikihusiana, vinaunganishwa kwa mstari. Halafu kwenye ncha za mistari huwekwa alama, na hapo ndipo watu wanapoanza kununa, maana alama ni nyingi kuliko subira ya binadamu. Kuna mishale ya kila namna, mistari ya nukta nukta, vinyota, na almasi ndogo, zile pembe nne zinazosimama kwa ncha, za namna mbili, moja imejazwa wino na moja imeachwa tupu. Maana ya kila alama imeandikwa kwenye mwongozo. Mwongozo huo ni mnene kama tofali, na pale ofisini ulikuwa unafanya kazi ya tofali kweli, ya kuzuia dirisha lisijifunge.

Mchoraji mkuu wa ofisi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Wenzake walimwita Mchambuzi. Siku ile baba yake naye alikuwemo chumbani, amekaa pembeni na kofia yake gotini. Mzee alikuwa amestaafu zamani, lakini alipokuwa kijana alikaa kwenye kamati iliyoitunga lugha ile, na sura ya almasi katika mwongozo aliiandika kwa mkono wake. Mara mojamoja ofisi ilimwita aje kutoa ushauri. Akishatoka walimwita Bwana Alama, na Mchambuzi alicheka pamoja nao, kwa sababu kumcheka baba yake lilikuwa jambo alilolizoea tangu utotoni na mzee mwenyewe alilipenda.

"Mimi natumia kisanduku, mstari na mshale," Mchambuzi alimwambia mtafiti. "Hivyo vingine ni mapambo."

"Na almasi?"

"Almasi ndiyo kabisa. Tupu au iliyojazwa, nani anajali? Mimi nazijaza zote. Zikijaa zinapendeza kwenye karatasi, mteja anaona kazi imekamilika."

Watu wakacheka. Mtafiti akaandika.

"Umewahi kupata hasara kwa kutozitofautisha?"

"Hasara ipi? Haijawahi kunigharimu chochote. Aliyezitunga alikuwa na muda wa kuchezea."

Alisema hivyo akimtazama baba yake kwa jicho la utani, akitegemea arudishiwe neno, maana nyumbani walizoea kurushiana maneno hivyo hivyo. Lakini pale hapakuwa nyumbani. Palikuwa na vijana wanane wenye kompyuta, na mgeni wa chuoni aliyekuwa anaandika. Mzee alicheka na wenzake, akachelewa kidogo kuacha kucheka. Kisha akavaa kofia yake, akasema amekumbuka shughuli fulani, akaondoka.

Hawakugombana. Laiti wangegombana, maana ugomvi una mwisho wake. Waliendelea kupigiana simu kila Jumapili kama kawaida, wakaulizana hali, mvua, na shangazi mtu, dada wa mzee aliyekuwa akiishi naye. Ila habari za kazi zilitoweka kwenye mazungumzo yao, na zilipotoweka ndipo ilipoonekana kwamba hawakuwa na habari nyingine. Mama yake Mchambuzi alifariki mtoto akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi, na tangu hapo mzee alimlea kwa penseli. Swali lolote la mtoto lilijibiwa kwa mchoro: mvua inatoka wapi, kwa nini shangazi ana kisirani, watu wakifa wanakuwa wa nani. Sasa penseli ilikuwa imewekwa chini, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aiokote.

Mchambuzi alijiambia atamwomba radhi siku watakapoonana. Wakaonana mara mbili, na mara zote mbili akaona haya kufufua jambo ambalo huenda mzee alishalisahau.

Kisha kiharusi kikampiga mzee asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Shangazi alipiga simu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na maneno mengi. "Njoo," alisema. "Njoo tu."

*

Wodi ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya kijani nusu ukuta, na kitanda cha mzee kilikuwa karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito, mdomo umekwenda upande kidogo. Kilichokatika hasa kilikuwa maneno. Aliambiwa jambo akalielewa, hilo lilionekana machoni pake, lakini akitaka kujibu lilitoka neno moja tu, tena lile lile.

"Umeamkaje, kaka?" Shangazi alimuuliza.

"Jumatano," alisema mzee.

"Leo Ijumaa. Unataka chai?"

"Jumatano."

"Huyu na Jumatano yake," Shangazi alimwambia Mchambuzi, akajaribu kucheka, akashindwa, akatoka nje kwenda kusuuza kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kutikisa kichwa nako hakukusaidia. Aliitikia alipotaka kukataa, akakataa alipotaka kuitikia, kisha akajikasirikia mwenyewe hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Daktari aliwaeleza kwamba ndivyo ugonjwa ulivyo. Ndiyo na siyo zimechanganyika huko ndani, na mgonjwa mwenyewe anasikia kwamba alichotoa sicho.

Siku ya tatu Mchambuzi alitoa penseli na kifutio kwenye mkoba wake, akang'oa ukurasa kwenye kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa ikining'inia bure ukutani, akaugeuza upande mweupe, akauweka kifuani kwa baba yake. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa tu amechoka kukisia.

Mzee aliitazama penseli kwa muda. Kisha akachora kisanduku. Ndani yake hakuandika neno, maana maneno ya kuandika nayo yalikuwa yamekimbia na yale ya kusema, bali alichora miwani.

"Wewe," alisema Mchambuzi. "Huyo ni wewe."

Akachora kisanduku cha pili chenye dirisha ndani. Akavuta mshale kutoka kwenye miwani mpaka dirishani. Mchambuzi akainuka, akasogeza kitanda, na mzee akaegemea mto akaanza kuangalia watu waliokuwa wanapita nje kwenye mvua. Machozi yalimtoka Mchambuzi hapo hapo, akaacha yatoke.

Kuanzia hapo wakawa na siku chache ambazo, ukimuuliza leo, atakwambia zilikuwa nzuri kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mzee alichora, binti akasoma. Alichora shangazi kama kisanduku chenye mdomo mkubwa, na mstari mmoja mnene unaokwenda kwa kila kisanduku kingine kwenye karatasi, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alichora vinyota na mistari ya nukta nukta pia, na Mchambuzi hakujua maana yake, lakini hakusema. Alikisia kwa kuangalia visanduku, kama alivyozoea ofisini, na mara nyingi alipatia. Akajiona anaiweza lugha ile kumbe. Hata lile suala la kuomba radhi akaliona limeshajimaliza lenyewe, halina haja ya kuchokonolewa.

*

Kisha daktari akamwita pamoja na shangazi kwenye chumba kidogo chenye viti viwili na mzani.

"Kuna mshipa kichwani umevimba," alisema. "Ndio uliomletea haya. Tunaweza kumfanyia upasuaji. Lakini kwa umri wake, na kwa moyo alio nao, siwezi kuwaahidi. Wapo wasioamka. Tukiuacha, unaweza kupasuka wiki ijayo, na unaweza kukaa mwaka mzima. Mkimpeleka nyumbani ataishi hivyo alivyo, kwa muda atakaojaliwa."

"Yeye mwenyewe anasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Ndilo ninalowauliza nyinyi. Angekuwa na kauli ningemsikiliza yeye. Kuna mtu anayemwelewa?"

"Mimi namwelewa," alisema Mchambuzi.

Alirudi kitandani peke yake. Akavuta kiti karibu, akamweleza baba yake yote bila kumficha, kwa sauti ya chini, na mzee akasikiliza macho yakiwa kwenye midomo yake. Alipomaliza, mzee akanyoosha mkono, akaomba penseli.

Alichora kwa utulivu kuliko siku zote. Kwanza kisanduku chenye miwani. Pembeni yake kisanduku chenye paa na mlango, na mshale ulionyooka kutoka kwenye miwani kwenda mlangoni. Nyumbani, hilo halikuhitaji mwalimu. Kisha, chini, kisanduku chenye mikia miwili ya nywele zilizosukwa, kama alivyosukwa binti yake enzi za shule ya msingi. Akavuta mstari kutoka kwenye kisanduku cha nywele mpaka kwenye kisanduku cha miwani. Na kwenye ncha ya mstari, upande wa miwani, akachora almasi.

Akaiacha tupu. Akaigonga kwa ncha ya penseli.

"Jumatano," alisema, akamtazama. Akaigonga tena. "Jumatano."

Mchambuzi aliiangalia ile almasi. Alijua kwamba aliwahi kufundishwa. Aliiona meza ya jikoni, aliona mkono wa baba yake, aliona michoro miwili kwenye karatasi ya kufungia mkate. Mmoja ulikuwa wa nyumba na vyumba vyake. Mwingine ulikuwa wa timu ya mpira na wachezaji wake. Ilikuwa wiki chache baada ya kumzika mama. Lakini ipi ilikuwa tupu na ipi ilikuwa imejazwa, na kwa nini, hayo yalikuwa yamefutika. Simu ilikuwa mkobani, na mwongozo mzima ulikuwa ndani ya simu. Ingemchukua dakika moja. Haikumpitikia hata akilini, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba jambo lenyewe lilishaeleweka: mimi na wewe tumefungamana, na nataka kupona nirudi nyumbani.

Akachukua penseli mkononi mwa baba yake na kuijaza ile almasi, vizuri, mpaka kwenye pembe, kama alivyowafanyia wateja.

"Nimekuelewa, Baba," alisema. "Tuko pamoja."

Mzee akatafuta kifutio kwenye shuka, akakipata, akafuta weusi ule polepole mpaka karatasi ikaota manyoya. Almasi ikabaki na mzingo wake tu. Akaigonga tena.

Mchambuzi alidhani mkono umemsaliti mzee. Alidhani anataka kazi safi zaidi, maana alikuwa mtu wa kazi safi. "Haikukolea, eh? Ngoja." Akaijaza mara ya pili, akaikandamiza penseli hadi ikang'aa.

Baba yake aliutazama mkono wa binti yake ukifanya kazi hiyo. Hakukitafuta tena kifutio. Aliuacha mkono umalize, kisha akaushika, akaupigapiga mgongoni taratibu, kama alivyofanya zamani mtoto alipoleta alama mbaya kutoka shuleni na yeye akawa hana nguvu ya kugomba. Akageuza uso dirishani.

"Anataka apasuliwe, apone arudi nyumbani, awe na mimi," Mchambuzi aliwaambia daktari na shangazi. Alipeleka karatasi ionekane. Shangazi alivaa miwani, akaiangalia kwa heshima, akasema yeye visanduku hivyo havijui, lakini kama binti amesema, basi.

Daktari alimuuliza mzee mwenyewe pia, kwa kutimiza wajibu. "Tufanye upasuaji?"

Mzee alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Wote pale walijua kwamba ndiyo yake haina maana, na wote waliichukua.

Alipasuliwa Alhamisi. Hakuamka siku hiyo wala iliyofuata, na Jumamosi mchana, Mchambuzi akiwa ameshika mguu wake chini ya blanketi ili aone kama una joto, mashine ikabadilisha mlio, na muuguzi akaja akaizima.

*

Alirudi kazini mapema kuliko walivyomtegemea. Nyumbani shangazi alikuwa anaongea peke yake jikoni, akijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza, na Mchambuzi hakuweza kuvumilia. Ofisini wenzake walimpa pole, wakapunguza sauti kwa siku chache, kisha sauti zikarudi. Alichora ghala, akachora magari ya kusambaza mizigo. Aliamini alifanya alichoweza. Hilo ndilo lililomshikilia: alimsikiliza baba yake, akamwelewa, akatimiza alichotaka, na yaliyobaki yalikuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote. Usiku alilala.

Mtafiti alirudi na begi lile lile. Alikuwa amemaliza kuzunguka maofisi, na sasa alikuwa anapita kuhakikisha kwamba alichoandika ndicho watu walichosema. Alipoambiwa kuhusu msiba alisimama wima, akaomba radhi kwa kuja, akataka kuondoka. Mchambuzi alimzuia. Alisema afadhali kazi.

Wakakaa kwenye meza ya karibu na dirisha. Mtafiti akasoma, Mchambuzi akaitikia. Kisanduku, ndiyo. Mstari, ndiyo. Mistari ya nukta nukta, huwa hatumii, sawa.

"Kwenye almasi karibu wote mmejibu sawasawa," alisema mtafiti. "Kwamba hamtofautishi. Nimelitengea sehemu yake kwenye ripoti. Marehemu mzee wako aliniandikia baada ya siku ile, unajua? Hakukasirika. Alisema huenda mna haki, huenda kosa ni la kamati yao, walitunga alama mbili zinazofanana mno kwa mambo yaliyo mbali mno."

"Mambo gani?" aliuliza Mchambuzi.

"Yale ya kwenye mwongozo."

"Niambie."

Mtafiti alimtazama kuona kama ni mzaha. Akageuza karatasi yake, akachora almasi mbili.

"Hii iliyojazwa ni kama nyumba na vyumba. Ukibomoa nyumba, vyumba vimekwenda. Kisehemu hakiwezi kubaki baada ya kile kikubwa. Hii tupu ni kama timu na wachezaji. Timu ikivunjwa, mchezaji yupo, anaendelea na maisha yake." Akaweka kalamu chini. "Basi. Hakuna zaidi ya hapo."

Mchambuzi alizitazama zile almasi mbili. Aliiona ile meza ya jikoni, na sasa karatasi ya kufungia mkate ilikuwa inasomeka yote. Alikuwa amemuuliza baba yake: mama hayupo, sasa na mimi je? Na baba yake alikuwa amemchorea timu ya mpira, akaacha almasi tupu, akamwambia, unaona, mwanangu, wewe umebaki.

Aliiona na karatasi ya pili, ile ya wodini. Miwani, mshale, mlango. Nirudisheni nyumbani. Na chini yake, kwa mtu pekee aliyesema anamwelewa: mimi nikiondoka wewe utabaki, usiniogopee, niache. Alikuwa amelisema kwa alama aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu hakuwa na neno lolote lililobaki. Na yeye alikuwa ameijaza. Baba akaifuta, yeye akaijaza tena, vizuri, mpaka kwenye pembe, na akampeleka kwenye kisu.

"Uko sawa?" aliuliza mtafiti.

"Endelea."

Mtafiti akasita, akatazama karatasi. "Limebaki hili la mwisho. Nilikuuliza kama kutozitofautisha kumewahi kukuletea hasara. Ulisema haijawahi kukugharimu chochote. Tuliache hivyo?"

Upepo ulikuwa unasukuma dirisha, na mwongozo ulikuwa unalizuia.

"Futa," alisema Mchambuzi.

"Nifute. Niandike nini?"

"Andika imenigharimu."

Mtafiti alifuta, akaandika. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kuchokonoa. Lakini karatasi yake ilikuwa na nafasi tatu za kuweka alama, na kazi ni kazi.

"Kidogo," aliuliza kwa upole, "wastani, au sana?"

Mchambuzi akalia, kwa sauti, mbele ya ofisi nzima, na mtafiti akabaki ameshika kalamu juu ya zile nafasi tatu, hajui aweke wapi.